Kujitolea Kolkata: nyota nne kwa karo la kufulia, moja kwa wimbo wa kukaribisha

Watu wakisikia niliwahi kujitolea India kwa masista wa Mama Teresa huniuliza maswali mawili: ulilipwa kiasi gani, na hukuogopa? Sikulipwa hata senti. Kuogopa niliogopa, ila si mahali wanapodhani. Ilikuwa Desemba 2017, nikiwa mwaka wa tatu wa famasia kule Pune, na mpaka leo wadogo zangu walioko vyuo vya India hunitumia ujumbe kila likizo ikikaribia: "Dada, tupe mchongo wa Kolkata." Basi mchongo wenyewe ndio huu, pamoja na uchafu wake.

Kwa nini Kolkata? Mimi ni mtoto wa Tabora. Ile sari nyeupe yenye mistari mitatu ya bluu sikuiona kwanza kwenye picha, niliiona sokoni, imevaliwa na sista mfupi anayechagua nyanya na kubishana bei kwa Kiswahili kumshinda mama yangu. Wamisionari wa Upendo, ndilo shirika la Mama Teresa, walifungua nyumba Tabora mwaka 1968, ya kwanza kwao Afrika, miaka kumi na minane tu baada ya shirika lenyewe kuanzishwa. Kwa hiyo nilipojikuta nasoma Pune, mji huo huo zinakotoka bajaji zetu, nikajiambia siwezi kumaliza miaka minne India bila kufika kwenye mzizi, Kolkata, shirika lilikoanzia.

Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu ya pili si nzuri sana: chuo kilitaka kila mwanafunzi alete cheti cha saa arobaini za huduma kwa jamii. Na hapo ndipo wakala alipoingia.

Wakala simtaji jina, na kituo alichonipeleka sikitaji. Walikuja chuoni na vipeperushi vya rangi: wiki moja kwenye nyumba ya yatima nje kidogo ya Kolkata, malazi, chakula, cheti, rupia 9,000. Rupia moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 35, piga hesabu mwenyewe. Nililipa. Nikapanda Azad Hind Express kutoka Pune, behewa la kulala la daraja la chini, usiku mbili na mchana mzima katikati, wauza chai wakipita wanaita "chai, chai, chai" kana kwamba wamezaliwa Ng'ambo ya Tabora. Safari ya treni ile naipa nyota tano bila kufikiri. Mama mmoja wa Nagpur alinilisha chapati na achari mpaka nikaona aibu kutoa mkate wangu.

Kituo chenyewe. Tulikuwa volontia wanne, mimi peke yangu Mwafrika. Tulipoingia getini watoto kama ishirini walikuwa wamepangwa mistari miwili, nywele zimepakwa mafuta, wakaanza kuimba. Wadogo wa mbele wakaanza wimbo mmoja, wakubwa wa nyuma wakaanza mwingine, ikawa vurugu, mlezi akawapigia makofi wanyamaze. Baadaye nilielewa kilichotokea. Wana nyimbo mbili, ya kukaribisha na ya kuaga, na wale wadogo walikuwa wameanza ya kuaga. Sisi ndio kwanza tulikuwa tunashusha mabegi.

Kulikuwa na kabati la vioo lenye midoli, magari, mipira, vitabu vya kupaka rangi, vyote bado vinang'aa. Saa nne asubuhi mlezi alilifungua kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake, tukacheza na watoto, picha zikapigwa. Saa sita alipita na kikapu akikusanya, akahesabu, akafunga. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya pili jioni nilirudi ukumbini kuchukua chaja yangu nikawakuta watoto wanacheza na vifuniko vya chupa, kwa raha zao kabisa, chini ya lile kabati.

Mvulana mmoja wa miaka kama mitano alinizoea kwa dakika kumi. Mtoto wa kwetu akimwona mgeni hujificha nyuma ya kanga ya mama yake kwanza, umbembeleze, akuchunguze, ndipo aje. Huyu alikuja moja kwa moja, akakaa mapajani, akashika mkanda wa begi langu na kulala. Niliona fahari. Kumbe alikuwa anafanya hivyo kwa kila aliyeingia. Siku ya tatu, Jumamosi, alikuja mama mmoja mwembamba na mkungu mdogo wa ndizi, mtoto akamkimbilia. Nikamuuliza mlezi ni nani. "Mama yake." Akalisema kama kitu cha kawaida. Mama yupo, anafanya kazi za ndani mjini, hana pa kumwacha mtoto wala ada ya shule, na hapa kuna shule. Sasa rupia 9,000 zangu na za wenzangu watatu zingemtosha yule mama miezi mingapi? Sijui anapata kiasi gani kwa mwezi, ila najua elfu tisa nilizolipa mimi zilizidi kodi ya chumba changu Pune.

Hapo ndipo nilipoogopa. Si kwamba nilimwogopa mtu. Niliogopa kwamba Jumanne nitaondoka, Jumatano watakuja wengine, na kidole kile kitashika mkanda wa begi jingine. Mimi ndiye niliyekuwa bidhaa mbaya kwenye biashara ile, na nilikuwa nimelipia. Nikaaga siku ile ile. Msimamizi wa kituo hakukasirika hata kidogo. Alifungua droo akanipa cheti changu, kilikuwa kimeshachapwa tangu kabla sijafika, kina muhuri na kila kitu.

Nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya dali yao, mchuzi wa dengu, ambayo ilikuwa tamu kweli.

Nilihamia mjini, mtaa wa Sudder, wanakokaa wasafiri wa bei ya chini. Kutafuta gesti ilikuwa kazi. Mbili za kwanza "zilijaa" waliponiona, na kwenye ya pili kijana wa Kizungu aliyekuwa nyuma yangu akapewa ufunguo nikiwa bado nafunga zipu ya begi. Ya tatu walinipokea, rupia 600 kwa usiku, wakajaza ile fomu C ya wageni wakaniletea chai. Dada mweusi unayekwenda India, jipange kwa hilo, usije ukadhani ni wewe una kasoro. Beba nakala za pasi na viza, na usilipe kabla hujaona choo.

Sasa Kalighat, nyumba ya masista ya wagonjwa na wanaokaribia kufa.

Kujiandikisha kulikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa tisa alasiri, pale Nirmala Shishu Bhavan, barabara ya A. J. C. Bose, hatua chache kutoka makao makuu yao yanayoitwa Mother House. Unakwenda na pasi yako, unakaa kwenye benchi na watu wa kila taifa, sista anakuuliza umetoka wapi, utakaa siku ngapi, unaweza nini. Hakuna ada. Nilipomwambia Tabora, sista aliinua macho kwenye karatasi akatabasamu, akasema "Tabora" mara mbili, ya pili taratibu zaidi. Akaniuliza nataka wapi. Shishu Bhavan ndiyo nyumba yao ya watoto, ilifunguliwa 1955, na kutoka ghorofani sauti zao zilikuwa zinasikika. Nikasema popote isipokuwa kwa watoto. Hakuniuliza kwa nini. Akaandika Kalighat.

Asubuhi inaanza mapema. Kutoka Sudder ni mwendo wa kama dakika ishirini na tano kwa miguu kupitia mtaa wa Ripon, giza bado halijaisha, azana inatoka misikitini, wenye mikokoteni wanaoga kwenye bomba la barabarani. Desemba Kolkata ni baridi kuliko unavyofikiri, beba sweta. Misa ni saa kumi na mbili, si lazima. Nilikutana na Mjapani asiye na dini kabisa ambaye kila siku alifika saa moja kamili, wakati wa chai. Chai ya maziwa, mkate, ndizi. Chini ukumbini kuna kaburi la Mama Teresa, jiwe jeupe tu, na juu yake maua ya njano yamepangwa kuandika maneno, mapya kila siku. Juu ya ngazi ni chumba chake, kitanda kama cha bweni la sekondari, kipo juu ya jiko na hakikuwahi kuwa na feni. Mimi ni wa Tabora, najua joto, na bado nilikisimamia nikatafakari huyu mama alilalaje humo Mei. Baada ya chai na sala fupi makundi yanaondoka, kila moja na nyumba yake.

Nirmal Hriday, ndiyo hiyo nyumba ya Kalighat, maana yake Moyo Safi, imebanana na hekalu la Kali, mungu wa kike wa Wahindu. Ndilo jengo la kwanza alilopewa na serikali ya mji mwaka 1952, lilikuwa hosteli ya mahujaji wa hekalu, na mpaka leo ili ufike mlangoni unapita kwenye uchochoro wa wauza mashada ya maua mekundu, ubani, sanamu, na mbuzi waliofungwa wanaosubiri kuchinjwa kwa sadaka. Unasukuma mlango, kelele zinabaki nje. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, vitanda vifupi vya chini vimepangana, harufu ya dawa ya kusafishia. Hiyo harufu ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa nyingine.

Kazi ya kwanza ni kufua. Hapa naomba nikae kidogo.

Kuna makaro ya saruji yaliyofuatana. La kwanza maji ya moto na dawa, humo zinaingia shuka na nguo zilizokwishaondolewa kinyesi. La pili sabuni. La tatu na la nne maji ya kusuuza. Watu wanasimama pande zote na nguo zinasogea kutoka karo hadi karo, halafu zinakamuliwa, halafu ndoo zinapanda ngazi mpaka juu ya paa kuanikwa. Blanketi likilowa ni zito kama ndama. Linakamuliwa na watu wawili, mmoja anasokota kulia mwenzake kushoto, mpaka linajikunja lenyewe kama kamba ya kisimani na maji yanashuka kwa mfululizo miguuni mwenu. Mwenzangu wa kukamua alikuwa mama wa Kihispania wa miaka sitini na zaidi ambaye alikuwa akija kila kipupwe, mwaka ule ulikuwa wa kumi na moja. Hakuongea sana. Alikuwa na mikono ya fundi bomba.

Wenzetu wengi wa Ulaya na Korea hawakuwa wamefua kwa mkono tangu kuzaliwa. Nilimwona kijana mmoja akilichezea shati kwenye povu kama anaosha mtoto mchanga. Nikamwonyesha kufikicha: kamata kola, kunja, sugua kitambaa kwa kitambaa karibu na kifundo cha mkono mpaka utoe ile sauti ya kwichi kwichi. Alifurahi ungesema nimempa siri ya familia. Jioni kwenye chai alisimulia kwa macho yaliyolowa kwamba kufua kumembadilisha maisha. Sikutaka kumharibia, lakini moyoni nilikuwa nasema kaka, hii kwetu inaitwa Jumamosi.

Na hapo ndipo nilipoona uzuri wa mpango wao. Karo halikuzoei. Blanketi halilii ukiondoka Jumanne. Mtu wa siku mbili na mtu wa miaka kumi na mmoja wanashika ncha mbili za shuka lile lile, na mgonjwa jioni analala pakavu, hajali nani alikamua. Wale wanaojua majina ya wagonjwa, historia zao, nani anaumwa wapi na nani hapendi maziwa, ni masista na wale wanawake wa Kibengali waajiriwa wanaoitwa mashi, yaani mama mdogo. Wao hawaondoki. Sisi tunawapunguzia maji.

Baada ya kufua unaruhusiwa wodini: kulisha, kukanda mafuta, kukata kucha, kumshika mtu mkono akitaka. Siku yangu ya kwanza bibi mmoja wa kitanda cha pembeni, amenyolewa upara kama wengi wanavyonyolewa wakiingia kwa ajili ya chawa, aliniita kwa kidole. "Khabar?" Nikasikia nyumbani kabisa. "Nzuri!" nikamjibu, "nzuri sana, bibi!" Akanitazama. "Khabar?" kwa nguvu zaidi. "Salama kabisa, shikamoo!" Yule bibi akageukia mashi akasema maneno marefu, na mashi akacheka mpaka akaweka sinia chini. Kumbe kwa Kibengali khabar ni chakula. Bibi alikuwa na njaa, na mimi nilikuwa namjulia hali.

Kiswahili kitakusaidia na kitakuponza kule. Sabuni, duka, dunia, kalamu, hesabu, hivyo watakuelewa nusu. Lakini nilipowaambia mashi kwamba kwetu wadogo zangu huniita "dada", wakashikana mabega kwa kicheko: kwao dada ni kaka mkubwa. Tangu siku hiyo mpaka naondoka niliitwa Dada, kwa makusudi kabisa, na yule bibi naye akaishika. Maneno ya kujifunza kabla hujaenda: jol ni maji, betha ni maumivu, bari jabo ni nitakwenda nyumbani. Hilo la mwisho utalisikia sana, hasa jioni, na hakuna jibu zuri.

Nilikuwa na rasta ndogo ndogo zilizosukwa Pune na Mnigeria wa mwaka wa nne. Bibi alizipenda. Kila nilipomaliza kumlisha alinivuta kichwa chini akaanza kuzihesabu kwa vidole: ek, dui, tin, char. Akifika dosh, kumi, hakuendelea kumi na moja, alirudi ek. Kichwa chake mwenyewe nywele zilikuwa zimeanza kuota, mvi fupi kama za mtoto wa kuku. Alikuwa na vidole vikavu vyenye ubaridi. Mara nyingi alilala akiwa kwenye panch au chhoy, na mimi nikabaki nimeinama, shingo inauma, nasubiri mkono udondoke wenyewe. Asubuhi ya siku yangu ya tisa nilikuta kitanda cha jirani yake kimetandikwa upya, kimenyooka. Mashi alionyesha juu kwa kidole, basi. Bibi alikuwa anahesabu vidole vyake mwenyewe.

Kalighat naipa nyota nne. Ya tano iko wapi? Hapa nazungumza kama mtu wa dawa. Ukienda ukitarajia hospisi kama tunavyofundishwa leo, daktari wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso, kipimo cha maumivu, mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, kwa ratiba, sicho walichokusudia walipoanza. Ni nyumba ya waliookotwa barabarani na kwenye stesheni, wengine wanakufa, wengi wanapona wanaondoka. Mwaka 1994 Robin Fox, mhariri wa jarida la tiba la The Lancet, alipita pale na kuandika kwamba aliona usafi, vidonda vinavyotunzwa na upole mwingi, lakini dawa kali za maumivu hakuona. Makala ile imenukuliwa mpaka imechakaa, kwa kawaida ule upole ukiwa umekatwa. Kisichonukuliwa ni sheria ya India ya dawa za kulevya ya mwaka 1985, ambayo ilifanya mofini iwe ngumu kupata kwa kila hospitali ya nchi ile, mpaka waganga na wafamasia wakaacha kuiagiza kwa kuogopa jela. Jimbo la Kerala walipigana mapema wakaizunguka. Sheria yenyewe ilikuja kulegezwa 2014. Kwa hiyo kuuliza mwaka 1994 kwa nini masista hawana mofini ni sawa, ila uliza na serikali.

Na sisi tusicheke, lakini tusijidharau pia. Uganda walianza na mofini ya maji mwaka 1993, Dakta Anne Merriman na Hospice Africa pale Kampala, unga unakorogwa na maji kwa bei ya karibu na bure, na tangu 2004 nesi aliyesomea anaruhusiwa kuiandika mwenyewe. Nilipomweleza hayo daktari mmoja wa Kihindi aliyekuja kujitolea wiki ile alidhani nimekosea nchi. Hali ya dawa Kalighat kwa sasa waulize waliopo. Volontia hagusi dawa wala chati, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nilichoona ni kwamba bibi akishika ubavu na kusema betha, mashi alikwenda kumwita sista, na sista alikuja.

Nyota nimeipunguza si kwa hilo la dawa, ni kwa sababu ya sisi wenyewe. Kwenye mapumziko ya chai, juu ya paa, kuba la hekalu hapo karibu na shuka zinapepea, mazungumzo ya volontia huwa ni kushindana nani ameona umaskini wapi. Dada mmoja wa Ulaya aliposikia Tanzania akaruka: yeye alishakaa Arusha wiki tatu, kituo cha yatima! Akatoa simu. Picha baada ya picha, yeye katikati, watoto wetu kila upande, wengine wamemshika mikono, mmoja kalala mapajani kashika mkanda wa begi. Nyuma yao, ukutani, kabati la vioo. Sisemi lilikuwa na kufuli, picha haikuonyesha vizuri. Akaniuliza kama kuna yeyote ninayemfahamu. Nikamwambia Tabora na Arusha ni mbali. Ilikuwa kweli, lakini si ndiyo sababu nilirudisha simu haraka.

Nilimsimulia kuhusu kile kituo changu cha siku tatu, na yule mama wa ndizi. Alinisikiliza vizuri, hakukasirika. Akasema kwao walilipa euro. Tukanyamaza, kengele ikapigwa, tukashuka kuosha sahani. Mwaka 2019 nilisoma kwamba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limepitisha azimio linalotaka nchi zizuie madhara ya utalii wa kujitolea kwenye vituo vya yatima, na Kenya wenzetu mwaka 2022 wakatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Nikamkumbuka yule dada wa picha, nikatamani ningekuwa na namba yake.

Gharama za Desemba 2017, kwa wale walioruka mpaka hapa: chumba rupia 600 kwa usiku, chakula cha mchana wali na dali na samaki chini ya rupia 100, chai kwenye kikombe cha udongo unachokitupa ukimaliza (kile kikombe peke yake ni nyota tano), metro mpaka Kalighat sarafu chache. Kujitolea kwenyewe bure, na chai ya asubuhi juu yao. Alhamisi ni mapumziko. Glavu zipo lakini mikono mikubwa beba zako. Viatu vya plastiki vya kuoshea, si raba. Krismasi mtaa wa Park unawashwa taa kama mchana, nenda na mtu. Na kama una wiki mbili tu, usiombe watoto, hata wakikupa.

Siku ya mwisho wanaoondoka huwekwa katikati baada ya chai wakaimbiwa wimbo wa kuaga na wenzao. Mimi nilichelewa chai siku hiyo. Nilikwenda Kalighat moja kwa moja, nikakuta karo la kwanza bado halijajazwa maji.

Niliporudi Pune mkuu wa idara akaomba ushahidi wa saa arobaini. Kwa masista sikupewa cheti wala sikuomba, sikutaka hata kueleza. Kwenye faili langu la chuo mpaka leo kuna cheti kimoja tu cha kujitolea, chenye muhuri, kile cha siku tatu. Kimeandikwa saa arobaini na mbili.